Urubobi wa Burungu

Walikale, 6 Juni 1954

Kwa Libérata, binti wa mjomba wangu, mwalimu wa watoto wa watu,

Nakusalimu sana. Ukishapokea zako, mpelekee mama yangu zake: mwambie nakula, nalala, na lile koti alilonipa nililivaa mpaka likaisha. Msalimie padri, wasalimie walimu wenzako, na yule jogoo wenu anayewika katikati ya misa. Mimi ni mzima. Mvua ya huku haina adabu, inaingia nyumbani bila hodi, lakini ni mzima.

Katika barua yako ya Pasaka umeniuliza kama ni kweli niliacha shamba la baba yangu ili nije kuokota uchafu mtoni. Libérata, mimi na wewe ni watoto wa dada na kaka. Kwetu kutaniana ni haki, kwa hiyo siwezi kukasirika hata nikitaka. Ila sikiliza vizuri, uwaeleze na wengine mkitoka misa. Unaujua urubobi, ule utelezi wa kijani juu ya mawe ya kisima, uliokuangusha na mtungi mbele ya wachumba wote wa Burungu. Mademoiselle wetu, yule Mzungu mtafiti wa mimea ya majini, anauita algues. Ni mimea, isipokuwa haina mizizi wala maua. Mingine ni midogo mno, elfu moja inaweza kulala juu ya ukucha wako na ikabaki nafasi ya wageni. Mademoiselle ameitafuta miaka ishirini na miwili. Kwao Ubelgiji kulikuwa na mwanamume aliyemtaka, akamwambia achague, yeye au madimbwi. Alichagua madimbwi. Anasema hajajuta, isipokuwa siku za Noeli.

Mimi ndiye mkono wake wa kuume. Nina meza yangu, nina blouse nyeupe, lile koti la kazi, nina mikroskopi, na hapa posti, kwenye kituo cha serikali, naitwa botaniste, yaani mtaalamu wa mimea. Juma lililopita tulikwenda mto Lowa na Barthélemy, mwindaji wa huku. Kuna dimbwi moja ambalo Barthélemy halipiti bila kuweka jani na kuwasalimu wazee wake. Mademoiselle naye akaweka jani, akasalimu, kisha akajaza chupa kumi na mbili. Tuliporudi Barthélemy alisema tangu azaliwe hajaona watu wazima watatu wanaingia porini kutwa nzima na kurudi na makamasi.

Na wewe, mchumba yuko wapi? Miaka ishirini na sita! Umri huo mama yangu alikuwa amekwisha kunizaa na amekwisha kunichapa.

Wako,
Théoneste, botaniste


Burungu, 11 Julai 1954

Kwa Bwana Botaniste wa Makamasi,

Salamu nyingi kutoka kwa sisi tusio na blouse nyeupe. Barua yako ilikaa njiani siku ishirini na tisa. Nestor, dereva wa lori, anasema lilikwama Masisi. Mimi nasema ilikwama mfukoni mwake. Hapa tu wazima. Maharage yameingia, mbaazi zinafuata. Mama yako alikwenda Muheto kwa dada yako Jeannette, kwa ubatizo wa mtoto. Aliondoka tarehe ishirini na moja ya mwezi uliopita, akarudi siku ya Petro na Paulo na mkungu wa ndizi kichwani. Mtoto ameitwa Damascène. Ana masikio yako, tunamwombea.

Barua yako niliisoma nje ya kanisa kama ulivyotaka. Mzee Nzabonimpa aliuliza mara mbili, "Anachungaka makamasi? Na Muzungu anakubali?" Mama yako alisimama mbele kabisa. Nilipofika kwenye neno botaniste alijifunga kitenge chake upya, akatazama kushoto na kulia kuona kama wote wamesikia.

Sasa kuna neno lingine, dogo tu. Bwawa la chini, lile la kunyweshea, limeharibika. Papa Sebarenzi amepoteza ng'ombe watatu, wote katika lile juma kabla ya Petro na Paulo. Walikunywa asubuhi, na kabla jua halijapanda walikuwa chini wanatetemeka, kisha basi. Hakuna uvimbe, hakuna alama ya nyoka. Watu wanasema kuna mama mzee anaonekana bwawani alfajiri. Unakijua kilima chetu: ng'ombe hafi tu, lazima atafutwe aliyemuua. Nakuuliza kwa kuwa wewe ni mtaalamu. Huo urubobi wako unaweza kuua ng'ombe? Mwaka huu umefunika pembe nzima ya bwawa, na una rangi ya kuchukiza.

Kuhusu mchumba, namtafuta anayeweza kuandika barua bila kujisifu. Mpaka leo hajapatikana.

Libérata Nyiraneza


Walikale, 2 Agosti 1954

Libérata mwenye ulimi,

Nashukuru kwa salamu. Masikio ya Damascène ni baraka, atasikia mengi. Huku kumekuwa na harusi. Joséphine-Marie, binti wa Barthélemy, ameolewa, tumekula nyama ya porini siku tatu na Mademoiselle amecheza ngoma. Hachezi vizuri, lakini hachoki.

Swali lako nililipeleka kwake akiwa mezani, akaacha uji. Ndiyo, anasema, uko urubobi unaoua. Si wa kijani kama majani. Unaelekea bluu, kama shaba iliyochakaa, unaelea juu asubuhi zisizo na upepo, na upepo ukija unausukuma wote pembe moja. Ng'ombe akinywa kwenye pembe ile, hapati hata nusu siku. Amewahi kuuona mara moja tu maishani, tena mbali sana na huku. Aliniuliza jina la bwawa letu mara tatu, nami nikaliandika kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Asubuhi iliyotulia, nenda kwenye hiyo pembe, jaza chupa, uifunge vizuri, mpe Nestor. Sisi tutatazama na tutasema.

Huyo mama mzee anafanya nini bwawani alfajiri? Mwambie apunguze matembezi, uzee hauna haraka.

Théoneste, botaniste


Burungu, 5 Septemba 1954

Mubyara, binamu yangu mtani,

Tunakusalimu sote. Mimi ni mzima, watoto wa darasa la pili wana surua. Mama yako alishikwa na homa kesho yake ya sikukuu ya Kupalizwa Mariya. Nilimlaza kwangu siku tisa, hakutoka hata mlangoni. Sasa anatembea, anakula, anagombana na sufuria zangu. Usiwe na wasiwasi.

Chupa yako hii hapa, Nestor anaileta pamoja na maharage. Uniheshimu kwa kazi niliyoifanya. Padri alinipa chupa tupu ya divai, nikaenda bwawani mwenyewe na viatu vyangu vya shule, nikachota. Lakini maji yale, Théoneste! Yalikuwa mazito, yananuka, yana povu la kijani kinachoelekea bluu. Nikasema, hapana, haya hayawezi kufika mbele ya Mademoiselle na watu wa posti wakasema kwamba Burungu tunaishi hivi. Nikayachuja kwa kitambaa mara tatu. Nikayachemsha jikoni mwa shule mpaka yakatulia, nikayachuja tena. Sasa yamekuwa safi, ungeweza kumpa mgonjwa. Nadhani hakuna chupa nzuri kuliko hii katika kazi yenu yote.

Ng'ombe wanne wengine wa Sebarenzi wamekufa, juma lile baada ya Kupalizwa. Sasa ni saba. Watu hawasemi tena kwa sauti ya chini. Yule mama mzee amekatiwa migomba yake, ishirini na mitatu, nayo ilikuwa imezaa. Jibu upesi.

Libérata


Walikale, 27 Septemba 1954

Libérata, Libérata,

Nakusalimu, namsalimu mama, nafurahi homa imekwisha. Mwambie anywe mchuzi, asiguse jembe mpaka mvua itulie.

Chupa ilifika. Mademoiselle aliiinua kwenye dirisha, akaigeuza, akaiweka chini ya mikroskopi, akatazama robo saa nzima. Kisha akaniuliza kwa upole, "Binamu yako ametutumia maji ya baraka?" Nilitaka ardhi inimeze. Ulichokichuja na kukitupa, mwalimu wangu, ndicho tulichokitaka! Tulitaka uchafu. Kazi yetu yote ni uchafu. Umetutumia mchuzi baada ya kutoa nyama, kisha unataka sifa. Barthélemy alicheka mpaka akakaa chini. Maharage, hata hivyo, yalikuwa mazuri.

Sasa anza upya. Nimempa Nestor kichupa kidogo chenye formoli, ni dawa ya kutunzia mimea isioze. Chota povu lenyewe, lile la kunuka, utie matone kumi, basi. Usichuje, usichemshe, usiombee. Na ufanye haraka kabla mvua hazijasafisha bwawa. Mademoiselle anaondoka kwenda Ubelgiji mwisho wa Novemba.

Migomba ishirini na mitatu si mchezo. Ni nani huyo mama? Ana watoto? Mbona hawamtetei?

Théoneste, botaniste


Burungu, 24 Oktoba 1954

Théoneste,

Nakusalimu. Leo salamu zinaishia hapo.

Yule mama mzee ni mama yako. Aliniapisha juu ya rozari nisikuandikie. Alisema, "Ataacha kazi, atakuja kupigana na wazee, nao watamuchukia pia." Nikatii, nikakuandikia utani kwa miezi minne huku nalia. Leo nimevunja kiapo na nitakwenda kukiungama.

Alikuwa anaamka kabla ya wachungaji, anakwenda na kikapu chake kikuukuu, anazoa ule utando na kuutupa kando. Hakutumwa na mtu. Nilipomuuliza alisema maji ya ng'ombe yakichafuka ni aibu ya kilima kizima. Wao waliona mwanamke mjane, peke yake, alfajiri, anainama juu ya maji. Mengine wakajaza wenyewe.

Na sisi wawili tumewasaidia kujaza. Kichupa chako cha formoli Nestor alikifungua njiani anuse, akatoka machozi, na kabla hajafika Burungu watu wa Kirolirwe wote walijua kwamba mtoto wa Mukankusi anamtumia mama yake sumu kutoka kwa Wazungu. Barua ulizotaka nizisome nje ya kanisa, kila mtu anazikumbuka. Chupa, mikroskopi, meza yako, urubobi unaoua. Wanasema, "Mutoto njo anatengeneza, mama njo anaweka."

Wazee walikutana. Mama yako ahame kilima hiki kabla ya Noeli. Aache nyumba, aache shamba, aache kaburi la baba yako. Sebarenzi si mtu mbaya, ila amezika ng'ombe saba na anataka jibu. Mvua zimeanza, urubobi umesombwa, hakuna cha kutia katika chupa.

Wewe ni botaniste. Njoo na mikroskopi yako useme nao. Nani mwingine atasema?

Libérata


Walikale, 9 Novemba 1954

Libérata,

Nimesoma barua yako jana. Mwambie mama nakuja.

Lakini kwanza ujue. Mimi si botaniste. Ninaosha chupa. Tangu mwaka 1949 ninaosha chupa, ninabeba chupa, ninazipanga. Meza niliyokuandikia ina beseni juu yake. Blouse ni ya kweli, ila ni ya kuzuia maji. Mikroskopi ni ya Mademoiselle. Kila nilipotaka kuja likizo nilifikiri watu wataniuliza habari za kazi nami nitajibu nini, kwa hiyo sikuja, miaka mitano. Nilimkimbia mama yangu kwa sababu ya neno moja la Kifaransa. Usimwambie mtu, nakusihi. Mwenyewe nimeona aibu ya kutosha.

Jana nilimweleza Mademoiselle yote kwa Kifaransa changu cha kuchechemea. Hakucheka. Alisema alipofika chuo kikuu bwana mkubwa wake alimwambia mikono ya wanawake inafaa kwa vyombo vya kioo, akaosha vioo miaka minne. Wanaume walipokwenda kula, yeye alikuwa anatazama. Kisha akaniuliza, "Na wewe unatazama saa ngapi?" Nikasema, unapokula, Mademoiselle. Akasema, "Najua. Huwa unaiacha safi kuliko ulivyoikuta." Akafungua kabati, akatoa michoro yangu niliyokuwa naificha nyuma ya sabuni. Kumbe alikuwa ameihesabu. Yeye anawahi ndege Goma, hawezi kupanda Burungu, lakini atanishusha Sake na mikroskopi. Mimi, na mikroskopi yake! Nestor atanichukua hapo, naye ana deni la ulimi wake.

Tunahitaji urubobi. Bwawa limeoshwa, lakini kikapu je? Kile cha kuzolea. Lazima umekauka katikati ya nyuzi zake. Libérata, kwa jina la Mungu, usikioshe. Usikianike, usikipanguse, usikiguse. Kwa mara moja katika maisha yako kuwa mchafu.

Na jambo la pili. Nimezipanga barua zako mezani, nikasoma zile sehemu ambazo kila mtu huzipita haraka, zile salamu. Zisome nawe. Ng'ombe watatu walikufa juma la kabla ya Petro na Paulo: mama alikuwa Muheto, kwa ubatizo. Wanne walikufa baada ya Kupalizwa: mama alikuwa kitandani kwako, na homa. Siku nyingine zote za kiangazi, alipokuwa bwawani na kikapu chake, hakufa hata ndama. Uliandika ushahidi wote mwenyewe, tena kwa tarehe, ukadhani ni habari za nyumbani.

Théoneste


Burungu, 19 Desemba 1954

Mubyara wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na leo nina nafasi ya kuzirefusha. Mama yako ni mzima, yuko nyumbani kwake, ameanza kupanda migomba. Jeannette alikuja na yule mtoto, masikio bado yanakua. Darasa langu limepona surua na limerudia kelele zake. Nestor anakusalimu kutoka mbali, maana bado ananiogopa.

Siku ile ya Novemba katika uwanja wa shule, wewe ulikuwa umeinama na jicho kwenye mikroskopi, juu ya ule urubobi mkavu uliokwangua katika nyuzi za kikapu, ukigeuza kioo kutafuta jua, kwa hiyo nusu ya mambo hukuyaona. Nitakupa nusu yako.

Hukuona Papa Sebarenzi alipotazama kwa jicho lake bovu kwanza, akaona giza, na akaona haya kusema. Hukumsikia alipobadili jicho na kunong'ona, "Ni shanga. Shanga zenye zimefungwa kamba." Hukuwaona wanawake nyuma yako wanavyosukumana kwa zamu, wakisema hizo hizo njo zinaua ng'ombe, na mama yako amekaa kwenye benchi ya watoto, ameshika kikapu magotini, hakutazama upande wowote.

Niliposoma zile salamu na tarehe zake, niliona nyuso zinabadilika. Lakini Nzabonimpa, unamjua, akasimama: "Mulozi anaweka, kisha anakimbia. Njo maana hakuwako." Hapo ndipo Sebarenzi alipomwita mchungaji wake, Ndagijimana. Akamuuliza mbele ya wote, "Weye umemuona mara ngapi?"

"Kila siku, Papa."

"Kikapu kilikuwa namna gani akifika?"

"Kitupu."

"Na akirudi?"

"Kimejaa, kinachuruzika."

Sebarenzi aliwageukia wazee wenzake. Kisha akasema, "Muntu mwenye analoga anaingizaka kitu. Huyu alikuwa anatosha, anatupa kando." Akaenda kwenye benchi ya watoto, akapiga magoti, mzee mzima, akashika miguu ya mama yako. Wewe ulikuwa unapangusa kioo cha Mademoiselle. Nilitamani kukupiga.

Tangu hapo amemletea mtamba wa fidia, kama desturi inavyotaka. Mama yako amempokea, akampa jina, akamrudisha akalale zizini kwa Sebarenzi, "kwa sababu miye niko na kazi." Kazi yenyewe ni kuwafundisha wanaume kusuka vikapu vya kuzolea, wawe tayari kiangazi kijacho. Nzabonimpa amesuka kimoja. Kina tundu ambalo mbuzi anaweza kupita, naye anasema ni la makusudi.

Sasa kuna jambo la ule mkutano wa Oktoba ambalo sikukuandikia, kwa sababu wakati ule sikulielewa. Wazee walipomhukumu, Sebarenzi alikuwa anamtafutia njia ya kutokea. Alimwambia, "Mukankusi, watu wanasema mutoto wako anatengenezaka sumu. Kama hapana, kama iko mutumishi tu wa kuosha vyombo, sema. Tutajua hana kitu cha kukupatia, na tutakuacha." Mama yako alijibu, "Mutoto wangu iko botaniste." Akatoka. Nilidhani anajivuna tu, kama siku zile nje ya kanisa.

Jumatano Nestor alileta chumvi. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nikamsikia mama yako anamuuliza, "Mutoto wangu angali anaosha zile chupa? Sabuni haimuharibu mikono?" Nestor akasema angali, Mama. Théoneste, anajua. Nestor alimwambia miaka miwili iliyopita. Siku anajifunga kitenge akisikia neno botaniste, alikuwa anajua. Siku wazee wanamfungulia mlango, alikuwa anajua.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kwa hasira, sikujizuia. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Akasema, "Ningesema vile, wangemucheka mutoto wangu. Afazali miye wanifukuze."

Sijui namna ya kumaliza barua hii. Namaliza hivi.

Libérata


Walikale, 10 Januari 1955

Libérata,

Niliisoma nimesimama mbele ya beseni, mikono ina sabuni, na nililia mpaka Barthélemy akatoka nje ili nisione kwamba ameniona.

Nakuomba kazi moja. Jumapili watu wakitoka misa, hakikisha Papa Sebarenzi yupo, Nzabonimpa yupo, na mama yuko mbele. Simama usome haya kwa sauti ya darasani, usiruke neno.

Mimi Théoneste, mwana wa Mukankusi, si botaniste. Ninaosha chupa za Mademoiselle, kama mia tatu kwa juma, na ninaziosha vizuri. Niliyoyaandika juu ya meza yangu na mikroskopi yangu yalikuwa uongo, na uongo huo nusura umfukuze mama yangu nyumbani kwake. Mademoiselle ameandika kutoka Ubelgiji kwamba shanga za Burungu ni zile zile za kule mbali, na kwamba mchoro wangu wa shanga hizo, niliompelekea kwa posta, ataupiga chapa, na jina langu chini yake. Akirudi atanifundisha kazi hiyo mwenyewe. Ikiwa siku moja nitakuwa botaniste, mtaambiwa na mtu mwingine.

Mama, ulikubali kupoteza nyumba na kaburi la Baba ili watu wasinicheke. Leo waache wacheke, mbele yako, wote, mpaka wachoke. Kisha nenda nyumbani.

Mwanao,
Théoneste